Kujalidi Upya Kitabu Kilichochakaa

Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na nyingine nyingi za Kajiado zimegawanywa vilevile. Sheria ya mwaka 1968 ilitaka majina ya wanachama yaandikwe daftarini. Na hata leo, mtu akitaka kuonyesha kwamba marehemu babaye alikuwa mwanachama, majina yale humfaa. Daftari la serikali na liachwe ofisini, si la kuguswa na mtu binafsi. Lakini vipo vitabu vya mikutano vilivyomo masandukuni mwa wazee, na Biblia zenye tarehe za kuzaliwa watoto. Vingi vimekatika mgongo, na pembe zake zimekwisha onjwa na mchwa.

Hata hivyo, mchwa si adui mbaya kuliko selotepu. Watu huibandika kwa nia njema. Baada ya miaka gundi yake huzama katika karatasi na kugeuka kahawia, kisha plastiki hubanduka yenyewe na kuacha doa. Gundi ya maseremala nayo hukauka ikawa ngumu hata kurasa zikakatika kando yake. Mafundi wa vitabu hawatii kitu ambacho fundi wa baadaye hataweza kukitoa, na kwa hiyo hupendelea uji wa wanga wa ngano, ambao hulegea kwa maji. Asiyepata wanga atumie unga mweupe: sehemu moja kwa maji sehemu tano, ukorogwe motoni hadi uwe mzito, uchujwe kwa kitambaa, upoe. Pika kidogo tu, maana huchacha upesi.

Kwanza ondoa vumbi (nalo Kajiado halikosekani) kwa brashi laini. Kitabu kilichoshonwa ni mafungu ya karatasi zilizokunjwa. Yape namba kwa penseli kabla ya kukata uzi wa zamani. Palipopasuka pabandikwe karatasi nyembamba iliyochanwa kwa mkono, si kwa makasi, ili nyuzi zake zishikane na za ukurasa. Mikunjo iliyokatika huungwa vivyo hivyo. Acha vikauke chini ya ubao na mawe mawili. Kisha shona kwa uzi wa kitani uliopitishwa katika nta ya nyuki, ukifuata matundu yale yale ya zamani, kila fungu likifungwa kwa jirani yake. Usivute kwa nguvu, uzi utakata karatasi.

Kazi hii si ngeni kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa kunakili misahafu na kuijalidi kwa ngozi. Karatasi yake ilitoka ng'ambo, nyingi Italia, nayo ilifanywa kwa matambara. Ndiyo sababu hudumu. Daftari la karatasi hafifu ya miti huwa manjano na kuvunjika kama jani kavu, na hapo sindano haisaidii kitu.

Kwa jalada, kadibodi na kitambaa vyatosha. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa maganda ya miti ni bora zaidi, na Ulaya waliithamini sana kwa vitabu vyao. Kwetu, penye mbuzi tele, ni nadra mtu kuifikiria.

Wino usiongezwe hata nukta moja, ijapokuwa jina limefifia. Na kila ukurasa upigwe picha kabla uzi wa kwanza haujakatwa.