Mbuzi wa Rusizi

Mamba alikuwa na jina, mbuzi hakupewa. Mamba aliitwa Gustave, na aliyempa jina hilo ni Patrice Faye, Mfaransa aliyehamia Burundi akawa anamfuatilia kwa miaka mingi katika mto Rusizi na fukwe za kaskazini za Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikadiriwa kuwa kama mita 6, na mwilini alikuwa na makovu ya risasi. Watu aliosemekana kuwaua walifikishwa hadi 300. Hesabu hiyo ni ya masimulizi, lakini watu walikufa kweli, wengi wakiwa wavuvi na watu waliokwenda kuoga au kuteka maji. Sisi wa Kigoma na Ujiji tunayatumia maji ya ziwa hilohilo, kwa hiyo habari zake hazikuwa hadithi ya mbali kwetu.

Faye na wenzake walitengeneza mtego wa chuma wenye urefu wa mita 9 hivi na uzito wa karibu tani moja. Nia ilikuwa kumkamata mamba akiwa hai, huku kamera zikirekodi kila hatua, na filamu yake ilionyeshwa Marekani na kituo cha PBS mwaka 2004. Waliweka chambo cha aina mbalimbali, Gustave hakuingia. Wakaongeza mitego mingine ukingoni, ikanasa mamba wadogo tu. Wiki ya mwisho, muda ukiwa unawaishia, wakamtia mbuzi hai ndani ya ule mtego mkubwa. Usiku mmoja ikapiga dhoruba, kamera ikazima. Asubuhi mtego ulikutwa umezama nusu, mbuzi hayupo.

Kila anayesimulia kisa hiki huuliza kama ni Gustave aliyemchukua. Mimi huwa namuuliza msimulizi habari za mbuzi, na mara nyingi ananishangaa.

Nimezaliwa Ujiji, baba yangu akiwa mchinjaji. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kumlilia mbuzi. Ada zangu za shule zilitoka bucha. Lakini baba alikuwa na taratibu ambazo hakuzivunja hata siku za Idi, wakati watu wamejaa uani na kila mmoja anamharakisha. Kisu alikinoa nyuma ya nyumba, mnyama asikione. Mnyama alipewa maji kwanza. Hakuchinja mmoja mbele ya mwenzake. Alimlaza upande wa kushoto kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akapitisha kisu mara moja kwa nguvu. Na sisi watoto, tukijisogeza kutazama, alitufukuza: “Nendeni zenu, hapa hapachezwi ngoma.”

Madrasa nikaja kufundishwa kwamba Mtume alikataza kumfunga kiumbe hai na kumfanya shabaha ya mishale. Mwenye kulenga shabaha hahitaji nyama. Anataka kujipima na kutazamwa. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa papo hapo kwa nini baba alitufukuza. Kuua kwake kulikuwa na haja, na kwa kuwa kulikuwa na haja hakukuhitaji mtazamaji.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na picha za wanyama nimezionyesha sana darasani. Kwa hiyo sisemi kwamba kifo cha mnyama kisionyeshwe. Najiuliza jambo moja tu kila nikiona mnyama anakufa kwenye runinga: kama kamera isingekuwepo, mnyama huyu angekufa?

Chukua hifadhi ya Gombe, mwendo wa boti kutoka ufukwe wetu wa Kibirizi. Mtafiti Jane Goodall alifika pale Julai 1960, akaona sokwe wakiwinda na kula nyama, jambo ambalo wataalamu wa wakati ule hawakulitarajia. Mwaka 1962 akaja mpiga picha Hugo van Lawick, na mwaka 1965 Wamarekani waliwaona sokwe wetu kwenye runinga ya CBS. Tangu hapo tumeona filamu nyingi za sokwe wa Gombe wakimkimbiza mbega mwekundu juu ya miti, wakimkamata, wakimrarua akiwa bado analia. Ni picha ngumu kutazama. Lakini mbega yule angekamatwa hata kama mpiga picha angebaki kwao Ulaya. Kamera ilimkuta kwenye mauti yake, haikumpeleka.

Hata Gombe mpaka huo, kati ya kukuta na kupeleka, umewahi kulegea. Ndizi ziliwekwa kambini ili sokwe wasogee, waonekane, wapigwe picha. Wakasogea wengi kuliko ilivyo kawaida yao, wakapigana, ikabidi utaratibu ule upunguzwe. Mwaka 1966 polio ikawaingia. Dume mzee waliyemwita Mr. McGregor alipooza miguu, akawa anajiburuta chini kwa mikono, na mwishowe aliuawa kwa risasi ili asiendelee kuteseka. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kama huko si kuua pia. Ni kuua. Lakini risasi ile ilipigwa kwa ajili ya McGregor mwenyewe, na hilo linanitosha kuitofautisha.

Tukirudi Rusizi, najua nitakavyojibiwa. Mbuzi mmoja ni nini mbele ya mamba anayekula watoto wa watu? Jibu hilo lina uzito, na mimi mwenyewe, kama ningekuwa mama wa aliyeliwa, ningeleta mbuzi kumi. Ningewaleta mapema lakini, na kwa mtego unaofanya kazi, kamera iwepo isiwepo. Mbuzi wa Rusizi aliingizwa mwishoni, kalenda ya warekodi ikiwa inakwisha, ndani ya mtego ambao mamba alikwisha kuupuuza. Alikaa mle akiwa hai, amezungukwa na harufu ya maji na giza, kwa sababu hofu yake na sauti yake ndizo zilizotakiwa. Baba yangu angeona haya kumfanyia hivyo mnyama wa kuliwa na binadamu, sembuse mnyama wa kutazamwa.

Miaka mitatu baadaye, 2007, ikatoka filamu ya kutisha ya Marekani, Primeval, iliyochukua kisa cha Gustave. Mamba wake alitengenezwa kwa kompyuta. Watazamaji walipiga kelele vilevile.

Kuna vifo vingine ambavyo kamera haivionyeshi kabisa. Kati ya mwaka 1953 na 1957, kipindi cha asubuhi cha NBC huko Marekani kilikuwa na sokwe mdogo anayevalishwa nguo, J. Fred Muggs, mzaliwa wa Kameruni. Sijui mama yake alifikwa na nini, na sitamsingizia mtu. Ninachojua, na kila aliyekaa karibu na sokwe anakijua, ni kwamba sokwe jike hamwachii mtoto wake. Mwindaji anayetaka mtoto humuua mama kwanza, na mara nyingi na jamaa waliokuja kumtetea. Goodall alilisema hili hadi alipofariki Oktoba 2025. Bujumbura, kwa jirani zetu hawa hawa wa Burundi, ilikuwa njia ya biashara hiyo, na yatima waliookolewa pale walihamishiwa makao ya sokwe ya Sweetwaters, Kenya, mwaka 1993 vita vilipoanza. Mtu akimcheka sokwe mwenye suruali kwenye tangazo, anamcheka mtoto aliyefiwa.

Katika nchi za wenzetu watu wamefikishana mahakamani kwa kiumbe mdogo kuliko huyo. Katika shindano la runinga la Uingereza linalorekodiwa Australia, mwaka 2009, washiriki waliojidai wana njaa porini waliua panya wakampika. Shirika la kutetea wanyama la New South Wales likafungua mashtaka, na kituo cha ITV kikakiri kosa na kulipa faini. Wako waliocheka kwamba ni panya tu. Mimi naona mahakama ililenga sawasawa, kwa sababu ile njaa ilikuwa sehemu ya mchezo. Mwaka 2014 kipindi kingine cha Uingereza, cha Bear Grylls, kiliwaacha wanaume kisiwani wajitafutie chakula, wakaua mamba, na baadaye ikabainika ni wa aina iliyo hatarini kutoweka. Wenye kipindi walisema walidhani ni mamba wa jamii nyingine. Haraka ya kupata picha haimpi mtu muda wa kumtambua anayemuua.

Sisi hatuna mashindano kama hayo, lakini tuna simu. Mwaka jana, ufukweni karibu na Bangwe, nilikuta vijana wamemfunga kenge kamba shingoni. Walikuwa wamekwisha kumpiga jiwe, mguu mmoja hausogei.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mnamla?”

“Hapana, bibi, kenge haliwi. Tunasubiri simu ya huyu ipate chaji kidogo, turekodi.”

Kenge alikuwa anasubiri chaji. Niliwaambia Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Waliniangalia kwa adabu tu. Nilipowauliza ni nani kati yao baba yake ana bucha, mmoja akanyanyua mkono, nikamwambia aniambie baba yake hunoa kisu wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akamfungua kenge ile kamba. Kenge hakufika mbali, na walimmaliza kwa rungu, mara moja, simu ikiwa mfukoni. Nililiona hilo ni afadhali.

Warekodi wa filamu wanaendelea kuja Kigoma, na ni vizuri waje. Wanakodi boti, wanalala hoteli zetu, wanakula migebuka yetu. Wanaomba vibali vya kurekodi, wanaeleza watakwenda wapi na vifaa gani. Natamani fomu hizo ziwalazimishe waandike pia ni mnyama gani atakufa katika kazi yao na kwa nini, hata akiwa kuku. Na nawaomba vijana wa boti wa Kibirizi, ambao ndio hutumwa sokoni kununua mbuzi au kuku wa mambo hayo, waulize mnyama huyo ni wa kazi gani. Nahodha mmoja niliyemsomesha ameniambia yeye akiambiwa ni chambo cha picha, hurudisha hela. Wenzake wanamwona anapoteza riziki. Nimemwambia awalete wote tukae nao, nitawapikia.