Shamba na Mji: Kweli au Uongo?

"Vijijini wamebaki wazee watupu."

Uongo. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya 2022, milioni 61.7. Wakazi wa mijini walipanda kutoka asilimia 29.6 hadi 34.9, na hapo ndipo wasemaji wengi hukomea. Ukipiga hesabu ya upande wa pili, vijijini walikuwa milioni 31 na ushei, sasa wamefika milioni 40. Kijiji hakijahama. Kinachopungua ni ekari: ndugu watano wanagawana shamba alilolima baba yao peke yake.

"Nchi ikiendelea, kilimo hufa."

Uongo. Hupungua fungu lake, si mavuno. Marekani wanaolima hawafiki asilimia 2 ya wafanyakazi, na bado inauza mahindi ng'ambo kwa mamilioni ya tani. Kwetu kilimo huleta robo hivi ya pato la taifa, lakini kimebeba takriban theluthi mbili ya wafanyakazi. Sufuria ndogo, walaji wengi.

"Mjini hakulimwi."

Uongo. Mchicha wa bonde la Msimbazi, katikati ya Dar es Salaam, umeota wapi? (Umemwagiliwa maji gani, tusiulizane mezani.)

"Mji humnyonya mkulima."

Hapa kuna ukweli. Tazama gunia la viazi mviringo likipakiwa Njombe: limejaa hadi mdomo haufungiki, likaongezewa kipande cha gunia jingine juu na kushonwa kwa kamba, limevimba kama lina mimba. Ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini dalali huhesabu "moja", na mkulima hulipwa moja. Viazi vile vile vikifika Dar es Salaam huuzwa kwa kilo, wala hakuna anayesahau hata kimoja.

Ila mimi nisingeulaumu mji wote kwa hila ya dalali. Bila mabanda ya chipsi ya Dar, viazi hivyo angevinunua nani? Chipsi mayai ya Manzese ndiyo inayomnunulia mtu wa Njombe mbolea.

"Dawa ni kuwarudisha vijana wakalime."

Ilishajaribiwa. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, wasio na kazi walikamatwa mitaani Dar na kupelekwa mashambani. Sensa ya 1978 iliukuta mkoa huo na watu 843,000 hivi. Ya 1988 ikaukuta na milioni 1.36.