Mtoto Anapoonewa Kwenye Simu: Watafiti Wanasemaje?



Wengi wetu tunaoishi hapa Birmingham tulikulia mahali ambapo uonevu wa shuleni ulikuwa na mwisho wake. Ulichekwa, ulinyang'anywa daftari, pengine ulipigwa, lakini kengele ya jioni ikilia ulirudi nyumbani ukapumua. Mtoto wako hana nafuu hiyo. Anashuka basi Small Heath au Handsworth, anaingia chumbani, anafunga mlango, na wale wale waliomcheka darasani wamo ndani ya simu.

Nimesema wale wale kwa makusudi, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea. Tunadhani anayemwonea mtoto mtandaoni ni mtu wa mbali asiyejulikana. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford walichapisha majibu ya vijana zaidi ya 120,000 wa England wenye miaka 15. Takriban 3 kati ya 10 walisema wanaonewa mara kwa mara, lakini walioonewa mtandaoni tu hawakufika asilimia 1. Yaani karibu kila aliyeonewa kwenye simu alikuwa anaonewa pia ana kwa ana. Takwimu za serikali za England na Wales za mwaka ulioishia Machi 2020 zinaelekea huko huko: asilimia 19 ya watoto wa miaka 10 hadi 15 walipatwa na angalau tendo moja la namna hii mtandaoni, na kwa karibu robo tatu yao baadhi ya hayo yalitokea shuleni au wakati wa masomo.

Usishangae ukisoma kwingine tarakimu tofauti kabisa. Dan Olweus, mwanasaikolojia wa Norway aliyetangulia wenzake kuchunguza jambo hili shuleni, alisema uonevu ni tendo la makusudi, linalorudiwa, dhidi ya mtu asiyeweza kujitetea kirahisi. Sasa picha ya aibu iliyotumwa mara moja tu kwenye kundi la WhatsApp, darasa zima likaisambaza, imerudiwa au haijarudiwa? Watafiti wanabishana, na kila mmoja anahesabu kwa kipimo chake. Watoto nao wana kipimo chao: katika takwimu hizo za 2020, zaidi ya nusu ya waliopatwa hawakuyaita mambo hayo uonevu. Kwa hiyo ukimuuliza mwanao "unaonewa?" atakujibu hapana, na pengine hasemi uongo. Muulize nani kaandika nini, nani katolewa kwenye kundi.

Kwa nini liwe jambo la afya? Mwaka 2018 watafiti wa Swansea, Oxford na Chuo Kikuu cha Birmingham walikusanya tafiti zilizohusu vijana zaidi ya 150,000 kutoka nchi 30. Walioonewa mtandaoni walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kujidhuru au kujaribu kujiua kuliko wenzao. Si kwamba kila aliyetukanwa atafika huko, la hasha. Lakini hata waliokuwa wanawaonea wengine hawakuwa salama, nao mawazo ya kujiua yaliwapata zaidi ya kawaida. Ukiitwa shule kuambiwa mwanao ndiye mkorofi, usiishie kwenye fimbo.

Kuhusu kumnyang'anya simu, ambayo ndiyo dawa yetu ya haraka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta vijana 9 kati ya 10 hawakumwambia mtu mzima, na karibu theluthi walinyamaza kwa kuogopa kufungiwa intaneti. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitoa matokeo ya shule 30: zilizozuia simu na zisizozuia hazikutofautiana katika hali ya akili ya wanafunzi, ingawa waliokaa sana kwenye simu walikuwa na hali mbaya zaidi, usingizi ukiwemo. Punguza saa za usiku, sawa. Ila usimwadhibu kwa kuwa amekuambia.

Badala yake, hifadhini picha za ujumbe huo kabla haujafutwa, kisha nenda shule. Sheria ya mwaka 2006 inamruhusu mkuu wa shule kuchukua hatua, kwa kiasi kinachofaa, hata kwa mambo yaliyofanyika nje ya lango. Na hapa nawaomba sana wenzangu ambao Kiingereza kinatupiga chenga: mtoto anayetusomea barua za kaunsili asifanywe mkalimani wa maumivu yake mwenyewe. Omba shule itafute mkalimani, au nenda na mtu mzima unayemwamini. Kwa GP mkalimani ni haki yako, bila malipo.

Mtoto akikosa usingizi, akiacha kula, akikataa shule au ukiona alama za kujikata, usingoje. Piga 111 uchague namba 2. Kama maisha yake yako hatarini, 999. Kama hataki kuzungumza na wewe, mpe namba ya Childline, 0800 1111. Ni bure, na haionekani kwenye bili ya simu.