Tulisoma Wote: Ya Kweli na ya Uongo Kuhusu Wikendi ya Wanafunzi wa Zamani

Waliomaliza kidato cha sita Tanzania mwaka 1984 wameshafika miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima serikalini. Mtu akishakabidhi ofisi hubaki na vitu viwili mkononi: muda, na simu yenye grupu la WhatsApp lililopewa jina la shule na mwaka wa kumaliza. Anatosha mmoja kuandika, "Jamani, tukutane basi kabla hatujaisha," na kabla hakujakucha kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, na kuna ugomvi wa kwanza kuhusu rangi ya fulana. Hapo ndipo maneno huanza. Mengine yanatisha watu wasije, mengine yanawabembeleza waje kwa sababu zisizokuwepo. Nimeyapanga yale ninayoyasikia mara nyingi, kila moja na hukumu yake.

"Hatutatambuana."

Uongo, ila kuna mtego ndani yake. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Bahrick, pamoja na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 392 waliomaliza sekondari, wengine karibuni tu, wengine karibu nusu karne kabla. Waliokuwa ndani ya miaka 15 tangu wamalize walizitambua picha za wenzao kwa usahihi wa asilimia 90 hivi. Hata waliotimiza miaka 48 walibaki karibu na asilimia 70. Kilichopukutika ni majina: walipotakiwa wayataje kutoka kichwani, bila picha wala orodha, walianguka vibaya.

Mtego ni kwamba zile picha zilikuwa za enzi za shule. Bahrick hakuwaonyesha watu wazee wenye upara, miwani na kitambi. Kumbukumbu yetu imehifadhi kijana wa miaka kumi na tisa, na anayeshuka kwenye gari getini ni babu wa watu. Kinachookoa ni vitu ambavyo picha haina. Sauti haizeeki haraka kama uso, mwendo vilevile, na kicheko ndicho kigumu kuliko vyote. Mtu anaweza kukupita mlangoni usimjue, akacheka mara moja kule ndani ya bwalo, na hapo hapo ukakumbuka alilala kitanda gani.

Majina ndiyo kazi, na kwa shule zetu za bweni kazi hiyo ni mara mbili. Kwanza kuna majina ya utani. Wapo watu tulioishi nao miaka yote bila kujua jina walilopewa na wazazi wao, na sasa kwenye orodha ya kamati wameandikwa kwa hilo tu, la serikali, ambalo halimwambii mtu chochote. Pili, waliosoma shule za wasichana wengi wao wamebadilisha jina la pili walipoolewa, wengine na la kwanza walipobadili dini. Ndiyo maana kitambulisho cha kuvaa shingoni kina maana kuliko fulana. Kiandikwe jina la enzi za shule kwa herufi kubwa, kisha bweni, kisha mchepuo: PCB, HGL na kadhalika. La utani liongezwe kwa ridhaa ya mwenyewe peke yake. Baadhi ya majina yale yalikuwa matusi, tuseme ukweli, na hakuna sababu ya mama mkwe wa watu kuitwa hivyo mbele ya mkuu wa shule.

"Ni maonyesho ya magari tu."

Nusu kweli. Leon Festinger, Mmarekani mwingine, aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hupenda kujipima kwa watu wanaofanana naye. Tajiri wa kwenye magazeti hamnyimi mtu usingizi. Anayemnyima ni yule aliyelala kitanda cha juu yake, aliyekuwa akimwazima soksi za mchakamchaka, kisha leo ana ghorofa Mbezi. Kwa hiyo hofu ipo, na anayesema hana anajidanganya.

Lakini nimewasikiliza waliokataa kuja, na gari la mtu silo linalowafukuza. Kinachowafukuza ni kiwango cha mchango. Kamati hukaa Dar es Salaam, mara nyingi hotelini, ikapanga kiwango kwa kujitazama yenyewe: hoteli usiku mbili, fulana, keki, mshereheshaji, muziki. Mwenzao aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi Nachingwea, au anayelima alizeti Singida, husoma ule ujumbe, akatulia siku mbili, kisha akaandika kwamba amepata dharura ya kifamilia. Kadiri kiwango kinavyopanda, ndivyo dharura za kifamilia zinavyoongezeka.

Na lile zoezi la kila asubuhi la kubandika grupuni orodha ya waliochangia, jina na kiasi, lina ubaya kuliko magari yote. Mtu anaamka anajikuta namba 63, mbele ya jina lake pamebaki wazi, na walio juu yake wamewekewa alama ya vema. Orodha hiyo ikae kwa mweka hazina. Kiwango kiwe cha chakula na fulana tu. Mwenye uwezo amtumie mweka hazina nauli za wenzake wawili bila kutajwa. Shule ikiwa imefunga, mkuu wa shule akikubali, watu walale bwenini. Waliolala humo wakiwa vijana hawatavunjika mbavu kwa usiku mmoja zaidi, ingawa vyandarua na magodoro itabidi kuja navyo.

"Waliopata divisheni wani ndio walioendelea."

Uongo, na ukumbini hauhitaji mjadala. Angalia tu nani amelipia ng'ombe.

"Maisha ya shule yalikuwa matamu."

Huu ni uongo tunaoupenda, kwa hiyo tuuangalie taratibu. Mwaka 1984 nchi ilikuwa bado inajikongoja baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni ilikuwa ya foleni. Sukari ilikuwa habari. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyeuongoza, alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Waliokuwa kidato cha sita mwaka ule bado wanabishana walikuwa wapi redio ilipotangaza. Ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, uliliwa na maharage yenye wadudu, na mtu mwenye kopo la siagi kwenye tranka lake alikuwa na marafiki wengi kuliko kiranja mkuu.

Leo watu haohao husema, "Siku zile tulikula!" Hawasemi uongo kwa makusudi. Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba mtu mzima akiulizwa mambo ya maisha yake, sehemu kubwa isiyo ya kawaida hutoka kati ya umri wa miaka 10 na 30. Ni miaka ya mambo ya kwanza: kusafiri peke yako kwa waranti ya treni, kulala mbali na mama, kukutana na watu wa makabila uliyoyasikia tu kwenye redio. Mahindi ya njano yamehifadhiwa pamoja na hayo, ndiyo maana yanaonekana yalikuwa na ladha.

Kumbukumbu hizo pia hubadilisha wenyewe. Usishangae ukisikia wazee watatu, kila mmoja kwa kiapo, wakidai ndiye aliyetoroka usiku kwenda disko na kurudi kupitia dirisha la jikoni. Waache. Anayejua ukweli ni mlinzi, na mlinzi hayupo.

Lakini upo upande ambao sitaki tuucheke. Kuna waliochapwa viboko hadi wakalazwa. Kuna waliopokewa kidato cha kwanza kwa kufulishwa nguo za bweni zima na kuchapwa usiku na wanafunzi wenzao, na waliofanya hivyo leo ndio wanaopiga simu kwa furaha: "Ndugu yangu, mbona hujathibitisha?" Asiyetaka kuja ana haki hiyo. Simu moja inatosha. Na kama uliyempigia ni mtu uliyemtesa, pengine simu hiyo iwe na neno lingine kabla ya neno la fulana.

"Walio kimya grupuni wametudharau."

Uongo, na ni uongo unaoumiza. Wapo wasio na simu janja. Wapo waliopoteza laini yao ya zamani wakaondoka grupuni bila kujua. Na wapo marehemu, wengi kuliko kamati inavyotarajia inapoanza kuhesabu.

Kizazi hiki kiliingia utu uzima wakati mbaya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walibainika mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Miaka yote ile ya katikati, mtu aliyemaliza shule 1984 alikuwa kwenye ishirini na thelathini zake: kazi ya kwanza, mshahara wa kwanza, ndoa. Nenda kwenye orodha ya darasa lolote la wakati huo, uanze kuweka msalaba au neno marehemu, utaona kalamu inavyorudi mstari kwa mstari. Wengi walizikwa vijijini kwao, wenzao wako JKT, vyuoni au makazini mikoa ya mbali, na habari zikafika baada ya miaka, au hazikufika.

Wapo wanakamati wanaosema majina hayo yasisomwe kwa sababu yataharibu sherehe. Sikubaliani nao hata kidogo. Yasomwe, tena Jumamosi asubuhi, kabla ya chakula na kabla muziki haujafunguliwa, shehe na padri wakiwepo wote wawili. Asomaye awe amekaa na orodha wiki nzima akiihakiki kwa simu kwa ndugu, maana imeshatokea mtu akaombewa pumziko la milele ukumbini wakati yuko hai Kigoma na amechelewa basi. Sababu ya kifo isitajwe, hata kwa kunong'ona. Familia zikialikwa, ziketi mbele.

"Shule tutaikuta pale pale."

Inategemea. Ile St Michael's and St George's iliyofunguliwa Iringa mwaka 1959 kwa watoto wa Wazungu ilikuja kuwa Sekondari ya Mkwawa, na tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Aliyesoma pale akirudi na fulana yake anasalimiwa na wahadhiri. Kwa jirani zetu wa Kenya, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huohuo wa 1984 anaweza kulikuta jengo, lakini kidato chenyewe hatakikuta. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na waliofunga mlango wa kidato cha sita walifanya mtihani mwaka 1989.

Shule ikiwa bado ni shule, basi ina ratiba. Watahiniwa wa kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei, wa kidato cha nne mwezi Novemba, na mkuu wa shule aliyepewa barua wiki moja kabla ya hapo akikataa spika zenu, yuko sahihi. Pia muulizeni anataka nini kabla ya kubeba rangi. Wahitimu hupenda kupaka rangi darasa walilosomea kwa sababu linapigika picha vizuri. Yeye huenda anahitaji tangi la maji, au taulo za kike, au mtu wa kuzungumza na vijana waliokata tamaa ya hesabu.

"Mwenza wako naye atafurahi."

Uongo. Atakaa pembeni siku mbili akisikiliza vicheko vya mambo asiyoyajua, kuhusu mtu aliyeitwa Mende. Na kama mlisoma shule ya wavulana iliyopakana na ya wasichana, kama Tabora walivyokuwa, atasikia pia habari za barua zilizopuliziwa poda. Aje Jumamosi jioni, wakati wa chakula.

"Mwalimu hawezi kunisahau."

Uongo mkubwa kuliko yote, na hasa ukitamkwa na mtu aliyekuwa akikaa katikati ya darasa, kimya, mwenye alama za katikati. Bahrick yuleyule aliwapima baadaye walimu wa chuo kuhusu wanafunzi wao wa zamani, akakuta hali tofauti kabisa na ya waliosoma pamoja: wanafunzi hufutika kwa walimu ndani ya miaka michache. Hesabu yake ni nyepesi. Wewe ulikuwa na walimu kumi na kitu; yeye kila mwaka aliletewa sura mpya mia na zaidi, hadi alipostaafu. Wanaobaki kichwani mwake ni mtukutu aliyevunja kioo cha maabara na yule aliyekuwa wa kwanza mfululizo.

Kwa hiyo yule mzee wa miaka 80 na ushee mliyemfuata kwa gari kijijini kwake, mkampa kiti cha mbele na shuka la kufunika miguu, asitahiniwe. Watu hupanga foleni wakimwinamia mmoja baada ya mwingine, wote na swali lilelile: "Shikamoo Mwalimu, unanikumbuka?" Naye kwa adabu hujibu marahaba, kisha anatafuta, anatafuta, macho yanamtoka, hadi mtu wa nyuma anaanza kucheka. Msalimie, mtajie jina lako, mwaka, bweni na somo alilokufundisha, yote kwa pumzi moja kabla hajapata nafasi ya kushindwa. Kisha mwulize yeye mlikuwa darasa la namna gani. Hapo ataongea mpaka chai ipoe.