Jua la Utosini: Kuku, Ng'ombe na Mchicha Katika Joto la Goba

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, hunyamaza. Bodaboda wamejibanza chini ya mwembe, mbwa amejichimbia shimo kwenye udongo wenye ubaridi nyuma ya karo, na bandani hakuna zile kelele za kugombania chakula. Ukisogea karibu unaona kwa nini. Kuku wameachama midomo. Mbawa wamezitenga na mwili, ngozi ya koo inatetemeka mfululizo, na kinyesi kimekuwa majimaji kwa sababu wanakunywa tu, hawali.

Miaka michache iliyopita, mchana wa namna hiyo, nilipoteza kuku wa nyama 23 waliobakiza siku nne kwenda sokoni. Nilikuwa nimemwaga maji kwenye maranda na kuteremsha mapazia pande zote ili jua lisiwapige. Niliamini nawapoza. Mama jirani, mfugaji wa miaka mingi, alipochungulia alianza kukunja mapazia kabla hata hajaitikia shikamoo yangu.

"Mwanangu, umewafungia kwenye mvuke," akasema. "Wape upepo kwanza, maji baadaye."

Kauli ile ina sayansi nzima ndani yake, na kila anayefuga au kulima kwenye ukanda huu wa pwani anapaswa kuielewa.

Funzo la mtungi

Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake huwa kwenye nyuzi joto 41 hadi 42, na joto likizidi njia yake kubwa ya kulitoa ni kutweta, ili unyevu wa mapafu na koo ukauke na kuondoka na joto. Ndivyo mtungi unavyopoza maji: maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, hukauka kwa nje, na yanayobaki ndani hupoa. Nguvu ya ukaukaji ni kubwa mno. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto linalozidi mara saba lile la kuipasha lita hiyohiyo ya bombani mpaka ianze kuchemka.

Lakini mtungi uleule hupoza vizuri zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam. Hewa ya Dodoma ni kavu, ina nafasi ya kupokea mvuke. Yetu hapa tayari imejaa unyevu wa bahari. Ndiyo maana kuloweka sakafu ya banda lisilo na upepo ni kumziba kuku njia yake kuu ya kutoa joto.

Wataalamu wa ng'ombe wa maziwa hupima mzigo huu kwa kipimo kinachounganisha joto na unyevu. Kikifika 72 hivi, maziwa ya ng'ombe wa kizungu kama Friesian huanza kupungua. Chukua mchana wa nyuzi joto 32. Hewa ikiwa kavu, yenye unyevu wa asilimia 35, kipimo kinasoma kama 78. Unyevu ukiwa asilimia 65, jambo la kawaida hapa msimu wa kaskazi, kinavuka 83. Joto ni lilelile, adha ni tofauti kabisa. Ng'ombe naye ana jiko ndani ya tumbo, kwa kuwa vijidudu vinavyochachusha majani huzalisha joto lao wenyewe. Ukimwona amesimama saa nyingi bila kulala, anatweta na mate yanamdondoka, ameelemewa. Yeye mloweshe maji mwilini, kisha hakikisha upepo unampiga. Maji bila upepo ni nusu ya dawa.

Banda litazame wapi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 10 Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi. Katikati ya tarehe hizo, jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini. Upepo wa msimu huo, kaskazi, hutoka kaskazini mashariki.

Weka mambo hayo mawili pamoja, utapata ramani ya banda. Lirefushwe kutoka mashariki kwenda magharibi. Ncha fupi ndizo ziwe na ukuta, zipokee jua la asubuhi na lile kali la alasiri. Pande ndefu ziwe za wavu, zitazame kaskazini na kusini ili upepo upite moja kwa moja, na paa lichomoze vya kutosha upande wa kusini. Jua la utosini halizuiwi na ukuta. Linazuiwa na paa. Bati tupu hupata moto na kumimina joto juu ya migongo ya kuku. Lipake chokaa nyeupe, tandika makuti juu yake, au pandisha pasheni ya njano, itambae na kulifunika.

Hapa Goba tuna tatizo la ziada ambalo tumejijengea wenyewe. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haitoshi, watumishi wengi wa Dar es Salaam walianza miradi ya kuku na ng'ombe nyumbani, na pembezoni mwa jiji kulikuwa na nafasi. Leo mashamba yamekatwa viwanja. Anayejenga hukata mwembe na mkorosho kwanza, kisha huzungusha ukuta wa tofali. Banda huangukia kwenye kona ya nyuma, katikati ya kuta mbili, mahali ambapo kaskazi haifiki. Ukuta unaolinda kuku dhidi ya mwizi unaweza kuwaua kwa joto. Matundu machache ya tofali za maua kwenye ukuta, usawa wa banda, yanarudisha uhai.

Saa ya kula

Kusaga chakula ni kazi, na kazi huleta joto. Kwa kuku joto hilo hupanda saa chache baada ya kula. Akila saa tano, joto la tumbo na joto la jua vinakutana saa nane. Msimu wa joto ondoa chakula saa nne asubuhi, kirudishe saa kumi na moja jioni. Kuku wa mayai hufaidika mara mbili, kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku. Kutweta pia hudhoofisha ganda: kuku akihema sana hupoteza kabonidioksaidi nyingi, damu hubadilika, na malighafi ya ganda hupungua. Ukiona mayai yanapasuka mkononi, usikimbilie kulaumu chakula. Kwanza angalia joto.

Maji yasikatike hata dakika, na yawe baridi. Simtanki jeusi linalochomwa na jua hutoa maji ya moto ambayo kuku huyakwepa. Lijengee kivuli, na ufukie bomba ardhini. Jaza madumu ya akiba siku maji yanapotoka, kwa maana mgao haungoji mifugo.

Bustani nayo hutweta

Jani hujipoza kwa njia ileile: hufungua vitundu vidogo na kutoa mvuke. Maji ya udongo yasipotosheleza kasi hiyo, mmea hufunga vitundu na kulegea. Mchicha ukilala saa saba usikimbilie ndoo. Choma kidole kwenye udongo. Kama chini kuna unyevu, utasimama wenyewe jioni. Mwagilia alfajiri, maji yafike kwenye mizizi kabla jua halijayala. Kisha tandaza majani makavu au nyasi unene wa vidole vinne, mbali kidogo na shina. Matandazo hayo ni paa la udongo.

Chagua pia mmea unaopenda msimu. Mchicha, kama mahindi, hunasa kabonidioksaidi kwa njia inayostahimili jua kali. Bamia, kunde na matembele nazo haziogopi. Nyanya ndiyo yenye shida: mchana ukizidi nyuzi joto 32 na usiku usipopoa, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Wengi hubadilisha mbegu na kuongeza mbolea, kumbe kilichohitajika ni neti ya kivuli alasiri, au kungoja miezi ya kusi yenye ubaridi. Maranda ya bandani yaozeshe kwanza kabla ya kuyatia bustanini. Mabichi huunguza mizizi.

Mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi duniani tangu vipimo vianze, na mchana kama ule ulioua kuku wangu utarudi. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fanya kipimo kimoja cha bure. Leo saa nane mchana ingia bandani, chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kuku, ukae dakika tano. Sikilizia kama kuna upepo unaokugusa shingoni. Kama haupo, umeshajua ukuta upi wa kutoboa.