Rangi Haijui Maana ya Neno

Ndugu msikilizaji, chukua mfano wa mweka hazina wa chama cha kukopeshana mwenye orodha ya wanachama 200 kwenye kompyuta. Mbele ya kila jina ameandika "amelipa" au "hajalipa". Kuipitia orodha hiyo kila jioni ni kuyaumiza macho bure.

Programu ya Excel, tangu toleo la mwaka 1997, inaweza kuvipaka visanduku rangi yenyewe. Unachagua safu, unafungua sehemu ya Conditional Formatting, kisha unataja neno na rangi yake. Neno likibadilika, rangi nayo hubadilika papo hapo. Zamani masharti hayakuzidi matatu. Toleo la 2007 liliondoa kikomo hicho.

Lakini hapa naomba tusikilizane. Kompyuta hailinganishi maana, inalinganisha herufi. Ukiiambia ipake kijani kila kisanduku chenye "lipa", itampaka kijani hata aliyeandikiwa "hajalipa", maana "lipa" imo humo ndani. Mdaiwa atapita kama mlipaji! Na aliyeandikiwa "bado" hatapata rangi yoyote, atasahaulika.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, sharti lidai neno zima, si kipande chake. Pili, weka katika safu hiyo orodha ya maneno ya kuchagua, ili kila karani asiandike lake. Kisha hesabu visanduku vyekundu na ulinganishe na stakabadhi, kabla hujaenda kumgongea mtu mlango kumdai.