Uzuri wa Nje na Ila ya Lehemu

Mpwa wangu alinijia Jumamosi iliyopita na picha ya kompyuta mpakato katika simu yake, MacBook Pro ya inchi 15 ya mwaka 2011, ambayo mwili wake wa alumini haukuwa na mkwaruzo hata mmoja, na bei aliyotajiwa na dalali ilikuwa rahisi kiasi cha kutia wasiwasi badala ya furaha. "Mjomba," akaniuliza, "niinunue?"

Ama kompyuta hiyo, habari zake ni mashuhuri miongoni mwa mafundi. Ndani yake mna vyombo viwili vya kuchora picha: kimoja ni cha Intel, kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, nacho hutumia umeme haba, cha pili ni chipu ya AMD Radeon, yenye nguvu nyingi na harara nyingi. Chipu hii imeshikizwa kwa matone madogo ya lehemu, na kwa kauli ya mafundi wengi, kule kupata moto na kupoa, kutanuka na kusinyaa, mwaka baada ya mwaka, huitia lehemu nyufa zisizoonekana, hata siku moja kioo kikajaa mistari, au kompyuta ikajizima na kujiwasha pasi na kuamrishwa.

Wala Apple si peke yake iliyofikwa na masaibu ya namna hii, kwani Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta mpakato zilizofungwa kwa vifaa dhaifu. Apple nayo, baada ya kushtakiwa na wateja huko Marekani mwaka 2014, ilianza Februari 2015 kuzitengeneza bure kompyuta zake zenye ila hiyo. Walakini muda wa hisani hiyo ulikwisha zamani, na anunuaye leo hurithi ila bila ya dhamana.

Hadaa iko dukani. Muuzaji huiwasha, mnunuzi akafungua barua na picha mbili tatu, akaridhika, ilhali kazi nyepesi kama hizo hufanywa na chombo cha Intel, na Radeon mgonjwa amelala usingizi. Kwa hiyo nilimwambia kijana achukue waya aiunganishe na televisheni, maana kioo cha nje katika kompyuta hiyo hakiendeshwi isipokuwa na Radeon, kisha aiache icheze filamu saa nzima. Na akiambiwa kwamba fundi ameipasha chipu moto ikapona, aage upesi: wako waliokwisha kuzitia bodi katika joko la mikate (sifanyi mzaha), zikafufuka kwa majuma au miezi, kisha zikafa tena.

Nilimshauri atafute ya inchi 13 ya mwaka uleule, isiyo na Radeon kabisa. Hakupendezwa, yeye huhariri filamu, na kioo kile kwake ni kidogo.

Jioni akanipigia simu kutoka dukani. Muuzaji alikuwa mkarimu ajabu, akamwonyesha betri, akakubali hata kufungua skrubu za chini. Lakini alipoutoa ule waya wa televisheni, aliambiwa kwamba leo umeme una shida, na huku, alinisimulia akicheka, pangaboi lilikuwa likizunguka juu ya vichwa vyao.